Kidonda cha ulimi kisichofunga: nimwone nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala wa Morogoro, nina umri wa miaka 48. Tangu ujana hupata vidonda vidogo ndani ya midomo na mashavu, ambavyo huuma siku chache kisha hupona vyenyewe. Safari hii kidonda kimetokea ubavuni mwa ulimi, karibu na gego lililovunjika, na sasa ni wiki ya tano hakijafunga, ingawa hakiniumi sana. Dukani nimeuziwa antibayotiki mara mbili bila nafuu, na jirani anasema nimepungukiwa vitamini C. Natumia ugoro. Je, niendelee na dawa au niende hospitali, na nikifika nimwone nani?

JIBU: Marahaba. Acha kununua dawa na uende hospitali wiki hii, kwa maana kidonda unachokieleza hakifanani na vile ulivyovizoea.

Vile vya ujanani, vinavyokuja na kuondoka, huwa vya mviringo, vyeupe au vya manjano katikati na vyekundu pembeni, na vile vidogo kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja hadi mbili, dawa iwepo au isiwepo. Havisababishwi na bakteria, hivyo antibayotiki ulizouziwa zisingevisaidia hata kama tatizo lingekuwa hilo. Jirani yako hakukosea kabisa kutaja upungufu, lakini unaohusishwa zaidi na vidonda vinavyojirudia ni wa madini ya chuma, foleti na vitamini B12, na huo hupimwa kwa damu badala ya kubahatishwa.

Kidonda kimoja kinachokaa mahali pamoja zaidi ya wiki tatu ni jambo jingine. Huenda ncha ya gego lililovunjika inaukwaruza ulimi kila unapotafuna na kuzungumza, na likisawazishwa au kung'olewa kidonda kitaanza kufunga. Lakini ubavu wa ulimi ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani ya kinywa hupenda kuanzia, tumbaku ya aina yoyote, ugoro ukiwemo, huongeza hatari hiyo, na saratani ikiwa changa mara nyingi haiumi. Sisemi kwamba unayo. Nasema kwamba kutouma kwake kusikutulize.

Wa kumwona ni daktari wa kinywa na meno. Wengi humkumbuka jino linapowanyima usingizi tu, ilhali ulimi, mashavu na ufizi pia ni eneo lake. Kwa kuwa uko Morogoro, nenda idara ya kinywa na meno katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ukianzia zahanati, eleza umri wa kidonda hicho na uombe barua ya rufaa. Mweleze daktari kilipoanza, dawa ulizotumia (pakiti zake zibebe), ugoro, pombe kama unakunywa, na kama umepungua uzito au umeona uvimbe shingoni. Ukishauriwa kupima virusi vya UKIMWI, kubali, kwa kuwa kinga ikipungua vidonda vya kinywani hukawia kupona.

Gego likishashughulikiwa, mwombe akupe tarehe ya kurudi, ambayo kwa kawaida haizidi wiki mbili. Kidonda kikiwa bado kipo, au tangu mwanzo kingo zake zikiwa ngumu, atakuchoma sindano ya ganzi, akate kinyama kidogo na kukipeleka maabara, au akuelekeze Muhimbili kwa kazi hiyo. Usiwasikilize wanaosema kwamba kukikata kunakieneza: bila kipimo hicho hakuna daktari anayeweza kukuthibitishia kama ni saratani au la. Majibu yakionyesha saratani, utaelekezwa kwa madaktari wa upasuaji au kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na nafasi ya kupona huwa kubwa zaidi kwa anayefika mapema.

Kwa sasa sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, epuka pilipili na ndimu, usiweke aspirini juu ya kidonda kwani huunguza nyama, na uache ugoro leo.