Ufunguo wa chumba cha kompyuta

Katika shule ya kata ninayofundisha wilayani Masasi, chumba cha kompyuta kilikaa karibu mwaka mzima kikifunguliwa siku za wageni tu. Mashine 12 zilifunikwa vitenge, na ufunguo mmoja ulilala kwenye droo ya mwalimu aliyehofia kuandikiwa barua iwapo kipanya kimoja kingepotea. Mwalimu huyo nilikuwa mimi, na ushauri wangu kwa walimu wenzangu unaanzia kwenye hofu hiyo, kwa sababu mashine isiyoguswa nayo huharibika: vumbi jekundu la kiangazi haliogopi kitenge.

Tulichonga ufunguo wa pili, tukateua wasimamizi wa Kidato cha Tatu, wawili wawili, mvulana na msichana, wakapewa daftari la kuandika jina la mtumiaji, namba ya mashine, saa ya kuingia na hitilafu iliyoonekana. Nililidhani daftari hilo ni la kukamatia wezi. Badala yake, lilinionyesha kwamba mashine namba 7 ililalamikiwa kila baada ya mvua, nami nilipokwenda kuangalia nikakuta meza yake iko chini ya dirisha lenye kioo kilichovunjika. Tuliihamisha meza, malalamiko yakaisha.

Kuhusu muda, usifanye kosa langu la kufungua chumba saa kumi jioni pekee. Wanafunzi wetu wengi ni wa kutwa na hutembea mwendo mrefu kurudi nyumbani, hivyo saa hiyo huwanufaisha wa hosteli tu. Mapumziko ya mchana yamefaa zaidi, pamoja na vipindi ambavyo mwalimu wa Jiografia au Biolojia huja na darasa lake. Mafunzo ya wanaoanza tumeyaondoa katika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, kwa kuwa mahudhurio huyumba na Kidato cha Nne wanakabiliwa na mtihani wa Taifa mwezi Novemba.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni nani anashika kipanya. Ukiwakalisha wanafunzi watatu kwenye mashine moja bila utaratibu, mmoja atafanya kazi na wawili watatazama, na kwa niliyoyaona, watazamaji mara nyingi walikuwa wasichana. Sasa msimamizi hugonga meza kila baada ya dakika 10, na aliyeshika kipanya hulazimika kuhamia kiti cha pembeni, hata kama sentensi yake haijafika kwenye nukta. Wavulana walinuna wiki mbili, kisha wakazoea.

Ukosefu wa intaneti usiwe kisingizio. Programu ya Kiwix hupatikana bure na humwezesha mtu kusoma Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila mtandao wowote. Nilipakua mafaili yake nikiwa mjini, nikayaleta kwa flashi pamoja na mitihani iliyopita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Kijana mmoja alisoma habari za mkorosho, akaniambia kwamba baba yake anajua mengi zaidi kuhusu ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Nilimwagiza amhoji mzee wake na kuyachapa majibu, na hiyo ndiyo kazi ndefu ya kwanza kuchapwa na mwanafunzi katika chumba chetu.

Umeme ukikatika, betri ya UPS, kifaa cha umeme wa akiba, hutoa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Wafundisheni hilo siku ya kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.

Katika mwezi wa tatu, kipanya kimoja kilipotea kweli. Niliandika taarifa, mkuu wa shule akaisoma, akaniuliza bei, tukanunua kingine mjini Masasi Jumamosi iliyofuata. Jumatatu mchana msimamizi alikuja kuchukua ufunguo kama kawaida.