Majaribio 40, swali moja

Kwa miaka mingi nilihesabu majaribio yangu ya programu za kompyuta kama mtu anavyohesabu akiba: yakiwa mengi, nalala usingizi. Kisha fomu moja ya usajili ikaniumbua. Sharti lilikuwa mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 60. Nilikuwa na majaribio 40. Nilijaza 25, 31, 44, 52, yote yakapita. Programu ilipoanza kutumika, mtu wa miaka 18 kamili akakataliwa. Aliyeiandika (ni mimi huyo huyo) aliweka "zaidi ya 18" badala ya "18 au zaidi".

Kumbe nilikuwa nimeuliza swali moja mara 40.

Siku hizi naanza na karatasi. Nagawa makundi: chini ya 18, kati ya 18 na 60, juu ya 60, halafu vituko, yaani sehemu tupu, herufi, namba hasi. Katikati ya kundi mwakilishi mmoja anatosha. Nguvu naziweka mipakani: 17, 18, 60, 61. Yale 40 yamebaki 8. Tarehe nazo zina mipaka yake: anayejaribu mwaka mrefu (wenye siku 366) kwa 2024 peke yake hajajaribu kitu, ajaribu 1900, ambao haukuwa mrefu, na 2000, ambao ulikuwa.

Masharti yakichanganyika, nachora jedwali. Chukua punguzo la bei: mnunuzi ni mwanachama? Ana kuponi? Bidhaa imeshapunguzwa bei? Maswali matatu ya ndiyo au hapana ni safu 8, nami naziandika zote, hata zinazoonekana za kipuuzi. Safu ya ndiyo tatu ndiyo iliyonikwamisha. Nilipomuuliza mwenye mradi mnunuzi huyo alipe kiasi gani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngoja nikaulize." Hitilafu ilikuwepo kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa.

Tatizo la jedwali ni kwamba linafura. Mipangilio 10 ya kuwasha na kuzima inazaa michanganyiko 1,024. Hapo natumia jozi: kila mipangilio miwili ikutane katika hali zake zote nne, angalau mara moja. Ukipanga vizuri, majaribio 6 yanamaliza jozi zote. Ila hitilafu inayohitaji mipangilio mitatu ikutane inaweza kupenya, kwa hiyo kwenye malipo jozi peke yake siikubali. Huko najaza jedwali zima, hata safu zikifika 32.