Chunusi huanza wiki kadhaa kabla hujaiona

Kipele kilichojitokeza leo asubuhi hakikuanza jana. Kilianza wiki kadhaa nyuma, ndani ya kinyweleo, uso ukiwa bado unaonekana safi. Ndiyo maana kupaka dawa juu ya kipele kimoja kimoja hakumalizi tatizo.

Uso, kifua na mgongo vina tezi nyingi za mafuta. Homoni za androjeni, ziitwazo za kiume ingawa hupanda wakati wa kubalehe kwa wavulana na wasichana pia, huzichochea tezi hizo kutoa mafuta mengi. Seli zilizokufa ndani ya kinyweleo nazo hugandana na mafuta hayo na kuziba njia. Humo ndani, pasipo hewa ya kutosha, hustawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, anayeishi kwenye ngozi za watu wote. Mwili ukianza kupambana, ndipo huja uvimbe, maumivu na usaha.

Uchafu, basi, si chanzo. Hata vile vidoa vyeusi vya puani ni mafuta na seli zenye melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, wala si vumbi. Kujisugua kwa dodoki au skrabu hukwaruza ngozi na kuzidisha uvimbe. Osha uso mara 2 kwa siku, na baada ya kutoka jasho, kwa vidole, maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Inatosha.

Asubuhi paka benzoili peroksaidi, dawa ya kuua bakteria hao, ya asilimia 2.5 kwenye eneo lote linalotoa chunusi. Ile ya asilimia 10 haina tofauti kubwa katika kutibu, ila huwasha na kukausha zaidi. Angalia taulo na nguo zako, kwani dawa hii hufifisha rangi. Usiku, ngozi ikishakauka, paka jeli ya adapaleni, dawa ya kuzuia vinyweleo kuziba, ya asilimia 0.1: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ukikwepa macho, midomo na pembe za pua. Wiki 2 za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja, maana ngozi itakauka na kubanduka. Wengi huacha hapa wakidhani dawa imewaunguza. Mara nyingi kinachohitajika ni kupunguza kasi na kupaka losheni isiyo na mafuta mazito. Mjamzito asitumie adapaleni.

Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema dawa imeshindwa. Na chunusi zikiisha usiiache ghafla, kwa kuwa vinyweleo bado vinaendelea kuziba kimyakimya.

Tafadhali, usitibu chunusi kwa krimu zenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), zikiwemo zinazofichwa ndani ya vipodozi vya kung'arisha ngozi. Vipele hutulia kwa muda, kisha hurudi kwa wingi, na ngozi hubaki nyembamba. Kukamua nako huweza kusukuma usaha ndani zaidi na kuacha kovu. Kwenye ngozi nyeusi doa laweza kukaa miezi mingi, hasa bila krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi.

Ukiwa na vivimbe vikubwa vyenye maumivu, au makovu yameanza, nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Mwanamke mwenye chunusi sugu ambaye hedhi yake hurukaruka au anaota ndevu aombe pia kupimwa homoni, kwa kuwa huenda tatizo liko kwenye ovari.