Kichocheo cha hidrojeni kutoka vifuu vya nazi: maswali na majibu

Kichocheo hiki ni kaboni inayopakwa kwenye elektrodi ili umeme upasue maji na kutoa hidrojeni kwa urahisi zaidi.

Mkaa wa vifuu nautumia hivihivi?
Hapana, vitundu vyake ni vichache. Choma vifuu kwenye 500°C bila hewa, saga, chekecha. Gramu 1 ya mkaa changanya na gramu 3 za potasiamu hidroksaidi (hapa tutaiita potashi), kisha pasha hadi 800°C kwa saa 1 huku naitrojeni ikipita muda wote. Potashi hula kaboni na kuacha vitundu. Eneo la uso wa gramu moja, pamoja na kuta za vitundu, laweza kuvuka mita za mraba 2,000. Tumia chombo cha nikeli, maana cha kauri kitaliwa. Na hapa ndipo watu huungua: kwenye joto hilo hutoka mvuke wa potasiamu, ukaganda kwenye ncha ya baridi ya bomba. Potasiamu hiyo ukiimwagia maji, italipuka. Bomba lipoe kabisa, naitrojeni ikiendelea, kisha dondoshea alkoholi ya isopropili taratibu ndani ya kabati la kufyonza moshi. Baada ya hapo osha kwa asidi ya hidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita), halafu kwa maji mpaka pH ifike 7.

Kaboni tupu inatosha?
Kwa kawaida haitoshi, kwa sababu inashika atomu za hidrojeni kwa ulegevu. Kuipika tena pamoja na urea huingiza naitrojeni na kusaidia kiasi. Nikeli, kobalti au molibdeni kidogo husaidia zaidi, na bado ni rahisi kuliko platini.

Kila nikipima, kichocheo changu kinazidi kuwa bora bila kukigusa. Nifurahi?
Usifurahi bado. Upande wa pili wa chombo umeweka waya wa platini? Platini huyeyuka kidogo kidogo, hasa kwenye asidi, ikasafiri na kutua juu ya kaboni yako. Hapo unapima platini, tena kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Weka kijiti cha grafiti, tenganisha pande mbili kwa kiwambo, rudia na sampuli mpya. Matokeo yakishuka, umepata jibu.

Kosa jingine ni kasi ya kupima. Kaboni yenye vitundu hutunza chaji kama kapasita, kwa hiyo ukikimbiza volti, mkondo mkubwa unaouona si wa hidrojeni. Nenda milivolti 5 kwa sekunde au chini yake.

Naweza kuipaka kwenye elektrodi zote mbili?
Iwe kathodi tu, yaani elektrodi inayotoa hidrojeni. Kwenye anodi, ile inayotoa oksijeni, kaboni huoksidishwa kuwa kabonidioksidi, na mipako huanza kumomonyoka. Anodi weka wavu wa nikeli ndani ya potasiamu hidroksaidi ya 1 M.

Nikikosa potashi, niongeze chumvi ya mezani?
Usithubutu. Anodi itatoa klorini, ambayo ni sumu.

Bei ya hidrojeni itashuka sana?
Kidogo. Kilo 1 inadai angalau kWh 39.4 za umeme ikiwa hakuna joto linaloongezwa kutoka nje, na mitambo halisi mara nyingi hupita 50. Gharama kubwa iko kwenye mita ya umeme.