Maji ya chumvi yapimwe kwa mizani

Makosa mengi ya maji ya chumvi, ya kuloweka nyama au kuchachusha mboga, huanzia kwenye kijiko. Kijiko kikubwa cha chumvi laini hubeba takriban gramu 18. Cha chumvi ya mawe hubeba pungufu, kwa sababu punje kubwa huacha nafasi katikati. Kwa hiyo mapishi yanayosema "vijiko vitatu" hayajasema kitu. Nunua mizani ndogo.

Kwa kuku wa kisasa, tumia gramu 60 kwa lita 1. Yeyusha chumvi kwenye kikombe cha maji moto, ongeza maji baridi mpaka lita itimie, na usitumbukize kuku kabla hayajapoa kabisa: vuguvugu ni raha ya bakteria. Vipande vinatosha saa 1 hadi 2, kuku mzima saa 8 hadi 12, vyote kwenye friji. Chumvi hulegeza protini za nyama zikashika maji, ndiyo maana kidari hakikauki motoni. Ukipitiliza muda, nyama inakuwa na mtafuno wa soseji. Mtoe, mpanguse akauke vizuri, maana ngozi yenye maji haishiki rangi, na viungo vyako visiwe na chumvi tena. Maji yaliyobaki yamwage.

Jogoo mzee wa kienyeji usimsumbue kwa maji ya chumvi. Ugumu wake unataka moto mdogo na muda mrefu.

Kuchachusha mboga ni hesabu nyingine, kwani mboga nazo zina maji yake na huzimua chumvi. Pima mboga na maji kwa pamoja. Pilipili gramu 500 na maji gramu 500 ni gramu 1000, asilimia 3.5 yake ni gramu 35 za chumvi, karibu sawa na ukali wa maji ya bahari. Tumia chupa ya kioo, wala si sufuria ya alumini, ambayo huliwa na chumvi na asidi. Kandamiza pilipili zizame zote. Inayoelea ndiyo inayoota ukungu. Legeza kifuniko kila siku hewa itoke. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, anza kuonja siku ya 4.

Maji kuwa meupe kidogo kama yametiwa maziwa ni kawaida. Utando mweupe juu, uenguliwe tu. Madoa ya kijani, meusi au ya waridi yenye manyoya: tupa chupa nzima. Pilipili zikilegea kama uji, chumvi ilikuwa ndogo au mahali palikuwa na joto mno.

Na kile kipimo cha yai, cha kutia chumvi mpaka yai lielee? Yai bichi huelea chumvi inapokaribia gramu 100 kwa lita. Maji hayo yanafaa kwa samaki, kwa kuku ni makali. Tena yai la siku nyingi huelea mapema, kwa kuwa limejaa hewa ndani.