Pikipiki za zamani na mbio: maswali yenu

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Kitale, Kakamega na hapa kwetu Nakuru. Zote zinahusu pikipiki iliyolala ghalani miaka mingi, na sasa mwenyewe anataka kuiingiza katika mbio za pikipiki za kale.

Fundi, habari za kazi? Nina Yamaha DT 175 aliyoniachia baba. Hapa Kisumu inavuta vizuri sana. Nikiileta Nakuru kwa mazoezi inakohoa, plagi inaloa na kuwa nyeusi. Je, kabureta imekufa? (Msomaji, Mamboleo)

Haijafa, ndugu yangu. Kilichobadilika ni hewa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama mita 1,850. Ukilinganisha na Mombasa, hewa yetu hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa sita, na jeti yako, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, haijui hilo. Inamimina petroli ile ile, hewa haitoshi kuiunguza, na plagi inaloa.

Fungua bakuli la chini la kabureta, toa jeti kubwa, usome namba yake. Nunua namba mbili zinazofuata kwa kushuka, uanze na ile iliyo karibu. Kisha weka plagi mpya, endesha kwa resi yote kwenye uwanja au njia iliyofungwa, halafu ushike klachi na kuzima injini kwa pamoja. Usiiache ijizungukie polepole, itakudanganya. Toa plagi ukiangalie kile kigae cheupe cha ndani. Kikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, umepata. Kikiwa cheusi, shuka namba moja zaidi. Kikiwa cheupe pe, simama hapo hapo, petroli ni chache na joto limepanda.

Watu wengi huulia injini kwenye safari ya kurudi. Jeti ya Nakuru ukiteremka nayo Kisumu itakosa petroli, pistoni itavimba kwa joto na kushika ndani ya silinda, au itatoboka kabisa. Andika namba za miji yote miwili kwenye kipande cha plasta, ukibandike chini ya kiti. Na usiidai pikipiki nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Ukiwa Nakuru hutaipata, hata ukiifungua mara kumi.

Shikamoo fundi. Babu alikuwa na BSA Bantam shambani, sasa ni yangu. Nimeanza kuifungua injini. Niko sawa? (Msomaji, Kitale)

Marahaba, binti yangu. Ifunge kwanza. Anza na breki.

Bantam ilianza kuuzwa mwaka 1948 ikiwa na injini ya cc 125 iliyoigwa kutoka DKW RT 125 ya Ujerumani. Ni pikipiki nyepesi na ya kupendeza, lakini breki zake ni za dramu ndogo, zilizotengenezwa kwa mtu anayekwenda kazini. Kwenye mbio utazikamata kona baada ya kona.

Dramu iliyokaa miaka mingi mara nyingi huwa imeacha kuwa duara. Utaihisi kwenye vidole: ukishika breki polepole, mkono unapigwa pigo moja kila gurudumu linapozunguka. Ipeleke kwa fundi wa kukereza, lakini mpelekee gurudumu zima, spoki zikiwa zimekazwa. Spoki huivuta dramu. Ukiikereza peke yake halafu ukafunga spoki, itapinda tena na pesa yako imepotea. Kisha tazama ule mkono mdogo unaovutwa na kebo. Breki inaposhika, kebo na mkono vikutane kwa nyuzi 90, au karibu na hapo. Mkono ukipita pembe hiyo, unavuta kwa nguvu na breki haiumi.

Jambo moja nakuomba kwa moyo wote: usipulize vumbi la dramu kwa kompresa. Breki shu za enzi hizo nyingi zina asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko na usikitumie tena. Watoto wasiwe karibu.

Kwa nini waandalizi wanataka bolti zifungwe kwa waya? Mimi nakaza vizuri. (Msomaji, Kakamega)

Nami nilikuwa nakaza vizuri. Siku moja, kwenye barabara ya vumbi upande wa Njoro, bolti ya kumwagia oili ilijilegeza kwa mtikisiko, ikaanguka. Oili yote iliishia kwenye tairi la nyuma. Nilianguka peke yangu, hakuna aliyekuwa nyuma yangu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Kwenye mbio kungekuwa na watu kumi.

Toboa kichwa cha bolti kwa kekee ya milimita 1.5, pitisha waya wa chuma kisichoshika kutu, uusokote, kisha uufunge mahali imara ukivuta upande wa kukaza. Ukifunga upande wa kulegeza umefanya kazi bure. Na mpira wa kupumulia injini uelekeze kwenye kichupa cha kukinga oili.

BSA B31 yangu ni ya enzi za petroli yenye risasi (madini ya ledi). Petroli ya leo itaiharibu? (Msomaji, Lanet)

Inaweza, polepole. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia Januari 2006. Ile risasi ilikuwa inakinga siti za valvu, pale valvu inapokaa ikijifunga, na kichwa cha B31 ni cha chuma cha kusubu, laini kuliko siti za leo. Ukiipiga resi muda mrefu, siti inalika, valvu inazama, nafasi kati yake na kinachoisukuma inapungua. Pima nafasi hiyo kila baada ya mbio na uandike. Ikiendelea kupungua, weka siti ngumu. Isipopungua, iache. Binti wa Kitale hili halimhusu, Bantam haina valvu za namna hiyo.

Tairi zangu zina maua yote. Nibadilishe? (Msomaji, Kondele)

Badilisha. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira huo umekauka, hata kama maua yamejaa. Nunua na tyubu mpya.

Nimeng'oa taa, vioo na stendi kwa ajili ya mbio. Jirani anataka kuvinunua. (Msomaji, Njoro)

Usiuze, tafadhali. Taa ya asili ya pikipiki hiyo ukiitaka tena huenda usiipate kabisa. Paka kila kipande oili kidogo, kizungushie gazeti, vyote uviweke kwenye sanduku moja lenye jina la pikipiki, juu ya rafu kusikofika maji ya mvua.