Usichore meli ya angani kabla hujachora gereji yake

Mkuu, weka penseli chini kwanza. Nimeuona mchoro uliopandisha hapo juu na roho imeniuma, kwa sababu hiyo meli naijua. Niliwahi kuichora mimi. Unasema hadithi yako ni ya vita vya miaka sitini kati ya sayari mbili, na unauliza kama meli iwe na mbawa, ibebe silaha za mwanga au mizinga, ipakwe rangi gani, na manahodha wapewe vyeo gani. Tutafika huko. Kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: "Meli hii ni moja tu, haijawahi kutengenezwa nyingine." Futa huo mstari leo hii.

Mimi naishi Dodoma, Nkuhungu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikitoka kazini nakaa na hadithi yangu ya vita vya angani vya miaka arobaini. Meli yangu ilikuwa na urefu wa kilomita nne, bodi ya fedha isiyo na mkwaruzo, korido zinameremeta kama ukumbi wa harusi. Nilichora kurasa kumi na nne za ndani yake, chumba kwa chumba. Nikampelekea mtu mmoja aliyejitangaza kuwa mshauri wa waandishi, nikamlipa laki tatu na nusu. Jibu lake: "Meli ndiyo inauza kitabu. Iongezee mng'ao. Msomaji hanunui nati na bolti." Nikaongeza kurasa sita za mng'ao. Nikachapa nakala 300 kwa pesa niliyoiweka akiba ya kupaua nyumba, zikauzwa 41. Nyumba mpaka leo upande mmoja hauna bati.

Yule bwana hakuniuliza hata mara moja vita vyenyewe vimedumu muda gani. Niliweka mezani kwake kazi ya miaka mitatu, akaisoma kama anasoma tangazo la sabuni, akachukua hela. Usikubali mtu wa namna hiyo aguse kazi yako.

Aliyeniambia ukweli ni fundi wa malori kule Kizota, na hakunitoza kitu. Alikisoma kitabu changu siku mbili, akanirudishia kikiwa na alama ya dole la grisi kwenye ukurasa wa injini. "Kaka, hii injini ya kushoto ikipigwa, spea inatoka wapi?" Nikamwambia haina spea, ni ya pekee. Akasema, "Basi imekufa mwaka wa kwanza. Hiyo miaka thelathini na tisa iliyobaki wanapigana na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma vita vya kweli, na nikakuta jibu lilikuwa hapa hapa nchini. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, halafu ikaenda kujificha delta ya Rufiji kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vifaa vya boila vilivutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa porini. Julai 1915 Waingereza wakaimaliza humo humo mtoni. Meli ikafa, ila mizinga yake kumi haikufa: ilitolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmoja ukafika Kigoma ukafungwa juu ya meli ya Kijerumani, Graf von Goetzen. Hiyo Goetzen nayo ilitoka Ujerumani ikiwa vipande kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapita kwenye reli hii hii ya kati inayokatiza mjini kwetu, ikaunganishwa kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuzipaka injini grisi. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli moja, jeshi hili na lile, majina mawili. Hivyo ndivyo chuma kinavyoishi vitani.

Au angalia Liberty za Marekani, meli za mizigo za Vita Kuu ya Pili. Zilijengwa 2,710. Ya kwanza ilichukua zaidi ya siku 200. Baadaye wastani ukashuka hadi kama siku 42, kwa sababu vipande viliundwa kwingine na kuja kuchomelewa pamoja. Injini zake zilikuwa za mvuke za mtindo wa kizamani, kwani mitambo mipya ilitakiwa kwenye manowari. Nyingine zilipasuka bodi kwenye baridi. Wakaziba, wakaendelea.

Sasa rudi kwenye miaka yako sitini. Mafundi hodari waliozindua meli za kwanza wamekufa. Rubani ni kijana aliyefundishwa wiki chache, kwa hiyo usimpe vitufe mia mbili, mpe vitano vikubwa. Mlango umetoka kwenye meli ya adui na maandishi ya adui bado yako juu yake. Injini ya kulia siyo pacha wa ya kushoto, na meli inavuta upande mmoja kama fuso iliyopinda chesisi. Meli haina jina, ina namba.

Hadithi yangu naiandika upya. Inaanza na mama mmoja anakata injini kwenye meli iliyokufa, watoto wake wakiwa wamelala kwenye kreti za risasi, na alfajiri injini hiyo inatakiwa iwe imeshafungwa kwenye nyingine.

Kwa hiyo chora gereji kwanza. Nani anachomelea, chuma kinatoka wapi, kazi inachukua siku ngapi. Upandishe hapa hata kama ni mchoro wa kalamu ya wino, nitaupitia wote. Na uandike upana wa lango, maana meli yako italazimika kupita hapo.